Tumbo Langu Limebandikwa Darasani

Jamani, mtaani kwetu siitwi tena Baba Zai. Naitwa Mmeng'enyo. Watoto wa darasa la tano wakija dukani kununua ubuyu wanasalimia kwa adabu zote, "Shikamoo Baba Mmeng'enyo," halafu macho yote tumboni. Wanaanza kuhesabu kwa vidole: mdomo, umio, tumbo, utumbo mwembamba, utumbo mpana. Wakifika mwisho wanacheka, wanakimbia. Ubuyu wameshalipia. Nitawafanya nini?

Chanzo ni binti yangu mwenyewe, damu yangu. Mwalimu wa sayansi kawaambia kila mtoto achore mfumo wa mmeng'enyo wa chakula kwenye manila. Wenzake wakachora watu wa vijiti. Zai akanichora mimi. Kifua wazi, msuli kiunoni, kitambi chote nje. Hata kovu langu la mgongo wa mkono, nililoachiwa na kopo la maziwa, kaliweka. Ndani ya kitambi utumbo umejikunja vizuri, kila kipande jina lake limeandikwa palepale, ubavuni mwake, huhangaiki kutafuta. Mdomoni kaniwekea chapati nusu. Mwalimu kaipenda, kaibandika ukutani. Mtihani ukaja, lile swali darasa zima wakapata. Mtu mmoja tu ndiye kaaibika, na mtihani wenyewe sikufanya.

Nikaenda kumlalamikia mama yake. Kacheka mpaka kakaa chini.

Sisi tulisoma bila hayo mambo, ndugu yangu. Mwalimu anaingia na daftari lake kuukuu, anajaza ubao, anafuta, anajaza tena. Sisi tunanakili. Picha ya nini? Picha ilikuwa kalenda ya ofisini kwa mwalimu mkuu, na ukiiona ujue umeitwa kuchapwa. Usiku nakariri kwa koroboi mpaka asubuhi napenga kamasi nyeusi. Mpaka leo niamshe saa nane za usiku nitakwambia: usanisinuru ni kitendo cha mmea wa kijani kujitengenezea chakula chake kwa kutumia... Hapo naishia. Hapo ndipo ubao ulipofutwa.

Sasa nina shemeji, mdogo wake mke wangu. Anasomea ualimu chuoni, kaja likizo, kakalia kochi langu, anakula wali wangu na ananielimisha bila kuombwa. Eti Zai hana kosa, kafuata sayansi. Eti kuna bwana wa Kanada, Allan Paivio, alitoa kitabu mwaka 1971 kueleza kwamba kichwa kina njia mbili za kuweka mambo, moja ya maneno, nyingine ya picha. Ukisikia neno tupu, mara nyingi linakaa njia moja. Ukiona picha, inakaa kama picha, na wewe mwenyewe kimoyomoyo unaitaja jina, basi imeshakaa mara mbili. Ni kama duka lenye funguo mbili, ukipoteza mmoja bado unafungua. Nikamwambia mzee wa vitabu huyo anajua nini kuhusu matumbo ya watu. Akajibu, "Shemeji, mwaka 1948 Paivio alikuwa Mr. Canada wa kutunisha misuli." Akaniangalia kifua. Akaangalia chini ya kifua. Akanyamaza. Kile kimya kiliniuma kuliko matusi.

Kisha akaniletea mwingine, naye wa huko huko Kanada, Lionel Standing. Mwaka 1973 alichapisha kwamba aliwaonyesha watu picha hadi 10,000. Elfu kumi! Kwa siku kadhaa. Baadaye akawawekea mbilimbili, moja waliyoiona na moja ngeni, wachague. Walipatia kama mara 83 katika kila 100. Mimi napoteza miwani nikiwa nimeivaa.

Lakini hapo nikamkumbuka marehemu mama. Kusoma hakujua hata herufi moja, ila hakuwahi kupanda daladala isiyo yake, alikuwa akiangalia ule mstari wa rangi ubavuni, basi. Mimi niliyesoma nilijikuta Gongo la Mboto saa tatu usiku, nasoma kibao.

Kwa hiyo nikajipa moyo. Kama picha ndiyo mpango mzima, mimi profesa. Kutwa nzima nashika picha. Jero, buku, buku tano, msimbazi, zote zinapita mkononi humu. Nikamwambia shemeji aniulize chochote kuhusu pesa. Tukawekeana soda.

"Buku tano mbele kuna nini?"

Faru, nikajibu bila kupepesa. Hata mtoto anajua.

"Nyuma?"

Hapo nikapoa. Nikafikiri. Nikasema faru huyohuyo, ila kwa nyuma.

Kumbe ni mgodi wa dhahabu wa Geita! Miaka yote mgodi wa dhahabu unalala kwenye droo yangu, sina habari. Akaniuliza nyuma ya buku mbili, nikasema jengo la serikali. Ngome Kongwe ya Zanzibar. Nikamfungulia soda. Akaomba baridi zaidi.

Eti nisijisikie vibaya, Wamarekani wameaibika kabla yangu. Mwaka 1979 watafiti wawili, Nickerson na Adams, waliwaambia watu wachore senti moja yao kwa kukumbuka. Ile senti wanayoishika tangu utotoni. Katika mambo 8 makubwa yaliyopo kwenye senti, mtu wa kawaida alipatia na kuyaweka mahali pake kama 3 tu. Maana yake jicho kupitia siyo kujifunza. Mimi na faru wangu tunaonana kila siku, ila hatujawahi kuongea.

Sasa usidhani basi kila penye picha pana akili. Ngoja nikupeleke kwenye kikao cha wazazi. Shule wamepata projekta, wanaitumia hata kwa salamu. Mwalimu kasimama, kageukia ukuta, anasoma slaidi neno kwa neno. Sisi tunasoma, yeye anasoma, hatuendi pamoja. Mimi nimefika mstari wa nne, yeye yuko wa pili, narudi kumsubiri, nikirudi yeye kaenda. Na kila slaidi pembeni kawekewa bata anacheza. Bata wa njano. Anakata kiuno, anapiga mbawa, anazunguka. Hahusiki na chochote! Nimerudi nyumbani, mke kaniuliza, "Mchango wa chakula ni shilingi ngapi, na mwisho lini?" Nikamweleza habari za bata. Nikaeleza vizuri mno, mpaka na kiuno. Ikabidi ampigie simu jirani mbele yangu: "Eti mama, Baba Zai alikuwepo kikaoni?" Akaambiwa ndiyo, alikaa mbele.

Shemeji kasikia, kafurahi utafikiri kapata ajira. Kuna mtu anaitwa Richard Mayer, wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, kahangaika na hayo hayo miaka na miaka. Aliwafundisha watu radi inavyotokea, breki za gari zinavyokamata, pampu ya baiskeli inavyojaza upepo. Akaona maneno pamoja na picha yanaingia vizuri kuliko maneno peke yake, hasa jina likikaa jirani na kitu chake, kama utumbo wangu kwenye manila. Ila ukitia mapambo yasiyohusika unamwibia mwanafunzi akili. Na ukimwonyesha mchoro unaocheza, ukaueleza kwa sauti, halafu maneno hayohayo ukayaandika tena chini yake, unamchanganya. Nikasema huyo mzungu aletwe shuleni kwetu, nauli tutachanga. Halafu nikakumbuka hata mchango wa chakula sijatoa.

Kilichonimaliza kabisa ni ushauri wake wa mwisho. Eti niache kuandika daftari la madeni kwa majina, nichore. Kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Wammes na wenzake, 2016, waliwapa watu maneno, mengine wayaandike tena na tena, mengine wayachore. Yaliyochorwa yalikumbukwa zaidi. Hata mtu akipewa sekunde 4 tu za kuchora. Na kinachonifaa mimi ni hiki: uzuri wa mchoro haukuwa na maana. Ukichora mbuzi akatoka meza, kichwani ni mbuzi.

Nikajaribu. Fundi baiskeli nikamchora na spoku kichwani, mafuta ya kula lita moja. Mwalimu wa madrasa, ndevu na kilo mbili za sukari. Na wallahi imefanya kazi! Sifungui daftari tena, mtu akitokea kona ile tu, deni lake linatangulia. Yule kijana wa bodaboda nilimdai akiwa mwendoni, akapunguza mwendo kwa mshangao. Kwa mara ya kwanza tangu nifungue duka nikalala usingizi wa tajiri.

Mpaka Mama Salma muuza chapati alipoegemea kaunta, daftari liko wazi, akajiona.

"Baba Zai, huyu ni nani?"

Nikasema ni utafiti tu, mama, wa kule Waterloo.

"Hii pua ni yangu?"

Nikamweleza kwamba uzuri wa mchoro hauna maana, imethibitishwa. Neno hilo lilikuwa baya kuliko pua. Wateja wakakusanyika. Daftari likapita mkono kwa mkono, fundi akajiona, ustaadhi akajiona, kila mtu ana malalamiko yake, Zai akaitwa kutoka ndani kuwa hakimu akasema baba hajui mabega.

Deni la Mama Salma ni 3,500. Kasema hatoi hata mia mpaka nimchore upya. Anakuja kesho saa kumi jioni kukaa nimwangalie, na kanituma nikanunue penseli ya rangi, kwa sababu atavaa kilemba.