Tairi za Inchi 35, Difu ya Kiwandani

Hongera, bosi, kwa kuivua Land Cruiser tairi za inchi 31 na kuivisha za 35. Kuanzia Bunju hadi Mapinga kila bodaboda anakupisha. Difu, hata hivyo, umeiacha ileile ya 4.1, ambayo kwa miguu hiyo mirefu sasa inavuta kama 3.6, ndiyo maana mchanga wa Saadani unaupita kwa gia ya kwanza na maombi. Fundi alikushauri 4.56, mbele na nyuma zilingane, ukasema ghali. (Taa za juu ya paa hukuuliza bei.) Na penye kibao cha 50 punguza zaidi: spidomita yako ikisoma 50, tochi ya trafiki inasoma 56.