Tuusifu Mfumo Mpya

Wabongo hatuna choyo cha sifa. Tunaisifu Simba, tunaisifu Yanga, tunasifu hata pilau la harusi tusiyoalikwa. Ajabu ni kwamba hadi leo hajasimama mtu kuusifu mfumo endeshi mpya wa kompyuta, mgeni aliyeingia steshenari za Segerea bila hodi na kuwafanya watu wazima waulizane kitufe cha kuzimia kiko wapi. Basi nasimama mimi.

Asili ya ugeni huu inajulikana. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, iliyokuwa mikononi mwa watu tangu 2015. Mrithi wake, Windows 11, hakai popote tu. Anataka kidude cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel anaanzia kizazi cha nane. Sasa nenda Kariakoo kwenye kompyuta za mtumba, vyuma imara vilivyostaafu ofisi za Ulaya vikaja kuanza ajira upya Tabata na Kinyerezi. Utazikuta za kizazi cha sita na cha saba. Mwenye steshenari akabaki na njia tatu: anunue nyingine, aendelee na ile ile huku akimwachia Mungu, au aweke Linux, ambayo ni bure. Neno bure huku kwetu halihitaji tangazo.

Fundi alikuja na flashi yake, na chai haijapoa kazi ikawa imekwisha. Yale maandishi hafifu kwenye kona ya skrini, yaliyokuwa yakimkumbusha mwenye duka kila asubuhi kwamba Windows yake haijalipiwa, yakatoweka. Hii peke yake yatosha kuwa utenzi. Mtu katumia cha magendo miaka yote, kalala, kaamka mtu wa haki, bila kutubu na bila kutoa hata senti.

Lakini sifa kuu ya mgeni huyu ni kurudisha adabu mjini. Dada wa steshenari mnamfahamu. Zamani ukimpa flashi anaipokea bila kukutazama, na ukimuuliza swali anashusha pumzi kwanza. Siku hizi ni mpole, anasema "subiri kidogo, baba" kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Juzi alikuja mzee mmoja na barua ya kupeleka serikali ya mtaa. Printa ilikuwa haijatambulika, ikabidi iongezwe programu, na dirisha jeusi la kuandikia amri likadai nywila. Dada akaandika. Hakikuonekana kitu, si nyota, si kitone, alama ya kuandikia imetulia pale pale.

"Binti, mbona haiandiki?"

"Inaandika, baba, ila haionyeshi."

"Sasa utajuaje kama umepatia?"

"Ikikubali."

Mzee akatikisa kichwa. Hata mganga, akasema, huonyesha kidogo.

Mzee hakuambiwa kwamba huo si ubovu. Ni desturi ya zamani ya mifumo ya ukoo wa Unix, kuficha hata idadi ya herufi za nywila ili anayechungulia begani asipate pa kuanzia. Na steshenari ya Segerea saa nne asubuhi ina mabega mangapi yasiyochunguliwa? Foleni nzima ilikuwa imeinamia ile skrini.

Tuusifu mfumo huu pia kwa macho yake makali. Kwa Linux, faili liitwalo CV na lingine liitwalo cv ni watu wawili wasiojuana. Kwa hiyo kijana anayetafuta kazi, ambaye jana alikuwa na CV moja yenye makosa, leo anazo nne, zote zenye makosa, na moja inaitwa "cv ya mwisho kabisa".

Na saa je? Fundi mwoga huiacha mifumo yote miwili ndani ya mashine moja, ili wenyewe wachague kila wanapowasha. Linux huihesabu saa ya ndani ya mashine kuwa ni ya UTC, kisha inaongeza tatu za Afrika Mashariki. Windows inaichukua kama ilivyo. Ukitoka kwenye Linux ukaingia Windows, umerudi nyuma saa tatu bila kupanda ndege. Sisi tunaoishi na saa mbili kwa pamoja, ya Kiswahili na ya Kizungu, zinazopishana kwa saa sita, tumeongezewa ya tatu, tena katikati kabisa. Aliyechelewa kazini kwa sababu ya foleni ya Buguruni sasa ana shahidi.

Sifa moja niitoe bila mzaha. Wale virusi wa flashi waliokuwa wakificha folda za watu na kuacha njia za mkato tupu waliandikwa kwa ajili ya Windows. Wakifika kwenye Linux hukaa tu, hawana kazi. Ingawa nao hurudi kwa mwenye flashi wakiwa wazima wa afya, kwenda kuendelea pale walipoishia.

Mwenye duka ana sifa yake binafsi asiyoitangaza. Calibri ni fonti inayokuja na bidhaa za Microsoft. Mashine isiyokuwa nayo huweka nyingine mahali pake. Mistari ikirefuka kidogo tu, "Wako mtiifu" na sahihi vinahamia ukurasa wa pili, na ukurasa wa pili unalipiwa.

Wapo wanaodai tatizo letu ni lugha, kwamba mifumo hii ingezungumza Kiswahili tungeielewa siku hiyo hiyo. Ilishajaribiwa. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili kitupu, kazi ya kuvulia kofia. Leo itafute menyu ya Kiswahili kwenye steshenari za huku uone. Vidole havisomi, vinakumbuka mahali. Wenye mali wenyewe walilijua hilo kwa gharama: Windows 8 ilipoondoa kitufe cha Start mwaka 2012, dunia ililia hadi kikarudishwa mwaka uliofuata katika toleo la 8.1. Mazoea yana taabu, na taabu hiyo haikuanzia Segerea.

Aliyefaidi kuliko wote ni kijana wa kidato cha pili wa nyumba ya pili kutoka dukani. Alikuwa akifukuzwa pale kwa kujaza benchi. Sasa akipita anaitwa kwa jina, anawekewa soda, na watu wa makamo wanamsogezea kiti. Yeye anabofya mara mbili, printa inaunguruma, anaondoka bila kueleza alichofanya. Mshahara hana, lakini heshima anayo kumzidi mwenyekiti wa mtaa, na ninavyoona mimi anaistahili.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukija kwetu kuprinti, leta kazi yako ikiwa PDF, na uje kijana akiwa ametoka shule.