Nyota Tano, Samaki Sufuri

Rili ya kuvulia samaki ilikuwa shilingi 1,450, imeshushwa kutoka 4,800, na ofa ilibakiza dakika tisa iishe. Asubuhi yake nikaichungulia tena, dakika zilikuwa bado tisa. Hilo halikunisumbua. Mtu wa Ruiru aliyewahi kutembezwa kwenye ploti anajua kwamba ofa ya mwisho haina mwisho.

Kilichonikera ni maoni ya wanunuzi. Niliyasoma yote kabla ya kutuma pesa, maana nilikuwa na swali moja tu: kambare wa kilo tatu akikataa kutoka majini, gia za ndani zitahimili au zitasagika? Mmoja kaandika kwamba imefika salama, hajaijaribu, nyota tano. Mwingine kasema aliyemletea alikuwa na adabu, nyota tano. Wa tatu kapiga picha ya boksi, tena boksi lenyewe halijafunguliwa. Nikamwona mmoja aliyetoa nyota moja, nikamkimbilia nikijua hapa nimempata mvuvi. Kumbe yeye aliagiza pasi ya nguo, akaletewa rili.

Haya, nikalipa. Ada ya kusafirisha ilikuwa moja kwa watu wa "Thika/Ruiru", kana kwamba ni mtaa mmoja wenye majina mawili. Hata maji yanajua si hivyo. Mto Ruiru unaishia Athi, na Athi ukikaribia pwani huitwa Sabaki, unaingia baharini karibu na Malindi. Chania nao unakutana na Mto Thika pale Blue Posts, hoteli iliyokuwepo tangu 1908, kisha maji yanaingia Tana na kutokea baharini huko Kipini. Miji imeachana kilomita 20 hivi, lakini maji yake hayasalimiani mpaka yafike Bahari ya Hindi. Nani amweleze hayo karani wa vifurushi? Mzigo wangu ukapelekwa Thika.

Kijana wa boda aliyeurudisha alinipigia simu akiwa ng'ambo ya barabara kuu.

"Mzee, niko hapa stejini. Geti yako ni gani?"

"Ni nyeusi."

Akanyamaza. Alikuwa na haki. Ruiru nzima ina geti moja, nalo ni jeusi. Ikabidi nipande daraja la waenda kwa miguu, nivuke leni zote hizo tulizojengewa hadi 2012 ili tufike haraka, nikachukue kitu nilicholipia kiletwe mlangoni.

Boksi lina picha ya Mzungu kwenye maji meupe ya baridi, kakumbatia trauti. Si kwamba hatuna samaki hao. Mlowezi Ewart Grogan aliagiza mayai yao kutoka Scotland mwaka 1905, wakatiwa Mto Gura kule kwenye milima ya Nyandarua, na Chania ukiwa bado juu milimani unao. Ila ukifika Thika umeshapita mashamba ya watu wengi na umekuwa rangi ya chai ya maziwa. Anayekaa humo ni kambare, naye hulala chini ya ukingo, karibu na vidole vyako vya miguu. Vijana wanaomvua pale wana ufito, mshipi, ndoana na mnyoo. Mmoja aliizungusha rili yangu, akasikiliza, akanirudishia bila neno. Ningependa angalau angetukana.

Juu ya boksi imeandikwa beringi 12+1. Nikaipeleka kwa fundi wa baiskeli, mtu ambaye beringi ndizo zimemsomeshea watoto. Akafungua skrubu, akamwaga vitu kwenye kifuniko cha mkebe wa rangi, akavitenga kwa ncha ya bisibisi. Beringi tatu. Zilizobaki ni pete za plastiki, na grisi nyingi ya kuzifunika aibu. "Na ile plasi wani?" nikamuuliza. Akaokota skrubu moja iliyobaki baada ya kufunga kila kitu, akaniwekea kiganjani.

Muuzaji alipoomba maoni nikampa yote: idadi ya beringi, mpini unaocheza, mshipi wa bure uliojikunja na usiotaka kunyooka hata ukiuloweka. Maoni yangu "yanakaguliwa" mpaka leo. Ya yule wa adabu yalipita papo hapo.

Ikabaki breki, iliyoandikwa kilo 8. Nilijaza mtungi wa lita 5, maana maji ya lita 5 ni kilo 5, hayahitaji mizani. Nikaufunga kwenye mshipi, nikaikaza breki mpaka mwisho, nikauning'iniza nje ya roshani, ghorofa ya tatu. Ukakaa kidogo. Halafu rili ikaanza kulia trr, trr, na mtungi ukateremka polepole, kwa heshima kabisa, huku mimi nikishindwa kuuzuia. Ulipofika ghorofa ya kwanza mkono ukatoka dirishani na kuupokea. Wiki hiyo mfereji ulikuwa umekauka jengo zima.

"Asante sana, Baba Njeri," mama wa chini akaniita. "Kesho ukiteremsha, teremsha lita 20."