Mheshimiwa, Tubadilishane Wanafunzi

Kwa Waziri wa Elimu,
Jumba la Jogoo, Nairobi.

Mheshimiwa,

Salamu kutoka Rodi Kopany, njia panda ambapo matatu za Rongo na za Homa Bay hugombania abiria, na abiria nao hugombania wastani wa shule.

Mwaka 2014 Wizara yako ilipiga marufuku kuorodhesha shule kwa matokeo ya mtihani. Tulitii. Matokeo ya KCSE yakitoka hatuorodheshi, tunalinganisha tu. Wa Migori huanza na Kanga na Rapogi. Wa Homa Bay hujibu kwa Agoro Sare, Asumbi na Orero. Mama auzaye omena hapa stendi alinipigia hesabu ya shule mbili hadi desimali ya tatu, ila chenji yangu ya shilingi kumi ikamshinda.

Nina ombi. Hadi KCPE ilipoisha 2023, Kanga ilikuwa ikichukua vijana waliong'ara, halafu baada ya miaka minne tunashangaa kwamba wameng'ara tena. Shule ya kutwa kule Nyatike ilikuwa ikipokea waliobaki. Mmoja wao ametoka kuchuja dhahabu Macalder. Mwenzake wa ufuoni Mbita amekesha ziwani na taa ya omena, sasa anasinzia kwenye kipindi cha kemia. Wote wanapewa karatasi moja, kisha wazazi tunafunga lango kwa kufuli tukitaka mwalimu mkuu ahamishwe kabla ya jioni.

Basi tubadilishane. Kidato cha Tatu chote cha Kanga kihamie shule ya kutwa ya kando ya ziwa, kikute hadubini moja isiyo na lenzi na mwalimu wa fizikia anayelipwa na wazazi, wakipata pesa. Wavuvi wetu waende Kanga, wale mara tatu, walale usiku kama watu. Tufanye hima, maana KCSE ya mwisho ni 2027.

Gharama isikutishe. Kila mwanafunzi ametengewa shilingi 22,244 kwa mwaka, ingawa Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi, mwana wa Suba, kwetu kabisa, aliwaambia wabunge kuwa Hazina inamudu kama 16,900. Pengo hilo ni sawa kwa kila shule, kwa hiyo hakuna aliyeonewa. Shule kubwa itazibiwa na wahitimu wake walio Nairobi. Yetu itazibiwa na mwalimu wa hisabati, akiandika kwa chaki ndogo zaidi.

Asante pia kwa madaraja mapya ya shule, C1 hadi C4. Zamani mtoto wa shule ya kutwa alihisi tu kuwa yuko mkiani. Sasa ana herufi na nambari ya kuthibitisha.

Jibu ulitume kwa mama wa omena. Akilipokea atalipigia wastani.

Wako mtiifu,
Mzazi wa C4