Namna ya Kuihamisha Kahawa Kutoka Kijiweni Hadi Wodi ya Wazazi

Mwongozo huu ni wako, baba mtoto, uliyekaa kwenye benchi la kijiweni na simu mkononi, ukisubiri uambiwe la kufanya. Mkeo amejifungua kwa upasuaji. Mama yako ameshika zamu ya uji, mama mkwe ameshika zamu ya nguo, mawifi wanabishana mtoto kafanana na nani, na wewe umeambiwa ulete pesa kisha ukae pembeni. Usikae pembeni. Katika mambo yanayomsaidia mzazi aliyepasuliwa, lipo moja ambalo wewe ni bingwa wake kuwashinda wote hao: unaijua kahawa. Unaitambua iliyoungua kabla haijafika mdomoni. Unamjua muuzaji anayezidisha tangawizi ili kuficha buni mbovu. Ujuzi huo umeukusanya kwa miaka mingi ya kubishana habari za Simba na Yanga, na leo umepata mtu wa kumfaa.

Kwanza ujue kahawa inakwenda kufanya kazi gani, ili sista akikuuliza usibabaike. Tumbo likipasuliwa, utumbo unanuna. Umeguswaguswa, mwenye nao amelazwa hawezi kujigeuza, na dawa kali za maumivu kama mofini na pethidini zinazidi kuulaza. Hewa inajikusanya ndani, tumbo linakaza kama ngoma, na mama ambaye tayari ana mshono mbichi anapata maumivu mengine juu yake. Ndiyo maana wodini kuna swali linaloulizwa kwa sauti, bila aibu, asubuhi na jioni: “Mama, umeshatoa upepo?” Jambo ambalo nyumbani hufunguliwa madirisha, hapa ukoo mzima unalisubiri. Habari ikija, ipokee kwa alhamdulilahi na uwapigie simu waliobaki nyumbani. Ni habari njema kweli: utumbo umeamka.

Kahawa inasaidia kuuamsha. Mwaka 1990 watafiti wa Uingereza waliwapima watu wazima wenye afya wakaona kwamba kwa baadhi yao sehemu ya mwisho ya utumbo mpana huanza kuchangamka dakika nne tu baada ya kunywa kahawa, na maji ya moto matupu hayakufanya hivyo. Mwaka 2012 madaktari wa Ujerumani walichapisha matokeo ya wagonjwa waliokatwa sehemu ya utumbo mpana. Waliopewa kahawa walipata choo kwa wastani wa saa 60 baada ya operesheni, na waliopewa maji walingoja saa 74. Kisha mwaka 2018 yakaja matokeo ya Iran, safari hii kwa wanawake waliojifungua kwa upasuaji, nayo yakaonyesha kuwa wanywaji wa kahawa walitoa upepo na kwenda haja mapema zaidi. Tena si kafeini peke yake inayofanya kazi hiyo, maana hata kahawa iliyotolewa kafeini imeonekana kuuchangamsha utumbo. Kwa hiyo usidhani ukiipika nzito mara tatu itafanya kazi mara tatu.

Sasa ruhusa. Usiingie na chupa umeificha chini ya kanga za mtoto. Nenda kwa sista au mkunga wa zamu, msalimie vizuri, kisha uliza maswali mawili: mke wangu ameruhusiwa kunywa na kula? Na je, kahawa itamdhuru? La pili usiliruke. Wapo wanaopasuliwa kwa sababu ya shinikizo la damu au kifafa cha mimba, na kahawa hupandisha presha kwa muda. Mwenye matatizo ya moyo au vidonda vya tumbo naye asubiri kauli ya daktari. Ukijibiwa “bado”, rudisha chupa yako nyumbani bila kununa. Wa kununa ni utumbo tu, na mmoja anatosha.

Lakini ukisikia kwamba mzazi haruhusiwi kutia hata uji mdomoni mpaka upepo utoke, uliza kwa adabu kama hiyo ni kwa sababu ya hali yake mwenyewe au ni desturi tu. Hapa nasema kwa uchungu, kwa sababu nimewaona kina mama wakishinda na njaa huku wakinyonyesha. Mwongozo wa kimataifa wa ERAS, yaani wa kumharakisha mgonjwa kupona baada ya operesheni, uliotolewa 2019 kuhusu upasuaji wa uzazi, unapendekeza mama arudie chakula chake cha kawaida ndani ya saa mbili baada ya operesheni, pasipokuwa na kizuizi. Mwanamke aliyepoteza damu na anayetakiwa kutoa maziwa anahitaji kula. Kahawa isiwe mbadala wa mtori. Kama mtori haujafika, weka kahawa chini ukaufuate.

Kuhusu upishi, dele na jiko la mkaa viache huko huko kijiweni. Muuzaji akujazie kwenye chupa ndogo ya chai iliyosafishwa kwa maji ya moto, isiyonuka mchuzi wa jana. Muulize buni yake imetoka wapi. Robusta ya Bukoba ina kafeini karibu mara mbili ya arabika ya Kilimanjaro, kwa hiyo ukipata robusta, mwambie aipike nyepesi. Tangawizi kidogo inatosha. Sukari mwulize mwenyewe anayekunywa. Wale Wajerumani walitoa mililita 100, mara tatu kwa siku, ambazo ni kama vikombe viwili vidogo vya kijiweni kila mara. Kwa mkeo anza na kimoja asubuhi, umwangalie, kisha kingine mchana. Jioni mwache alale, kama mtoto ataruhusu. Wewe mwenyewe unaweza kunywa vikombe vinane na kurudi nyumbani ukalala fofofo. Huo si wakati wa kumfundisha.

Mtoto naye ana hesabu yake. Kafeini inayopita kwenye maziwa ni kidogo sana, lakini ini la kichanga halijajua kuisafisha: mtu mzima huipunguza kwa nusu kwa takriban saa tano, mtoto mchanga huchukua siku kadhaa. Mamlaka ya Ulaya ya usalama wa chakula iliweka mwaka 2015 kikomo cha miligramu 200 za kafeini kwa siku kwa mama anayenyonyesha, na chai, soda na vinywaji vya kuongeza nguvu vinahesabiwa humo humo. Kikombe kikubwa kimoja cha kahawa nzito kinaweza kula nusu ya kiwango hicho. Mtoto akizaliwa njiti, usilete kahawa kabla ya kuongea na daktari wake. Na kichanga yeyote akianza kukesha na kutetemeka, mwambie sista, usimsingizie jini.

Kuna kosa moja linalofanywa na watu wenye nia njema kabisa. Mzazi aliyepasuliwa mara nyingi hupewa vidonge vya kuongeza damu, vile vyekundu au vya kahawia vyenye madini ya chuma. Mumewe anampa kidonge, halafu anakisukuma kwa kahawa. Kahawa hukamata yale madini tumboni, mwili ukakosa sehemu kubwa yake. Tenganisha: kidonge kwa maji au juisi ya chungwa, kahawa ipishane nacho kwa saa mbili. Chai ni hivyo hivyo, tena hii ndiyo inayowaponyoka wengi, kwa kuwa chai haihesabiwi kuwa kitu.

Mama mkwe atakuuliza tangu lini mzazi akanywa kahawa. Usishindane naye. Mwambie, “Shikamoo mama, sista ameruhusu kikombe kimoja, na uji wako ndio utakaotangulia.” Kama bado ana wasiwasi na ana muda wa hadithi, mwelezee habari ya Bunyoro, huko Uganda. Mwaka 1879 Mwingereza Robert Felkin alishuhudia huko, mahali paitwapo Kahura, mganga akimpasua mwanamke ili amtoe mtoto. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi kabla, na pombe hiyo hiyo ikatumika kuoshea mikono na tumbo. Jeraha likafungwa kwa vipande vya chuma na nyuzi za magome, na siku ya 11 lilikuwa limepona. Hivyo wazee wa maziwa makuu walishafikiri kwa makini mzazi apewe nini, lini, na kwa sababu gani. Nawe fikiri hivyo hivyo.

Kahawa isipopatikana au ikikataliwa, nunua bigijii isiyo na sukari. Utafiti uliofanyika Misri na kuchapishwa mwaka 2009, kwa wanawake 200 waliojifungua kwa upasuaji, uliwapa karibu nusu yao watafune kwa dakika 15 kila baada ya saa mbili, na matumbo yao yaliamka mapema. Ni shilingi chache. Zaidi ya hapo kuna kutembea, ambako hakuna kikombe kinachokushinda: sista akisharuhusu, mnyanyue polepole, aanze kukaa, kisha kusimama, kisha kufika mlangoni na kurudi. Mshike upande usio na dripu.

Tumbo likizidi kuvimba, akitapika, akipata homa, au damu ikimtoka kwa wingi, weka chupa chini na umwite sista mara moja. Hilo si jambo la kahawa tena.

Na siku choo kitakapobisha, kazi yako haijaisha. Mama huyo anaogopa kusukuma, anahisi mshono utafumuka. Mpe mto mdogo au kanga iliyokunjwa aibane juu ya kidonda, mpeleke mpaka mlangoni, kaa nje karibu, na usimwulize kila dakika kama tayari.