Namna ya Kununua Pikapu Isiyokufa

Kwanza, ondoa mashaka. Ile dabo kabini uliyoiona chini ya mwarobaini, imepigwa nta, matairi yamepakwa dawa ya kung'aa, haina tatizo hata moja. Dalali amekwambia mwenyewe: "Hii unawasha unaondoka." Hajadanganya. Hakusema unaondoka mpaka wapi, nawe hukuuliza.

Ukiweka kiganja juu ya boneti utaikuta ina moto. Usihoji. Muuzaji mwenye adabu huliwasha gari nusu saa kabla ya mgeni kufika, kama mwenyeji anavyobandika chai, ili dizeli iliyolala baridi isije ikakohoa, ikatetemeka na kutoa moshi mbele ya shemeji yako uliyemleta kwa sababu "anajua magari". Ukiona lazima uulize, dalali atanyoosha kidole juu: "Jua la Dar, kaka." Ridhika.

Sifa ya kutokufa, kwa haki, haikutungwa kijiweni. Mwaka 1987 wanajeshi wa Chad waliwafukuza Walibya jangwani wakiwa juu ya pikapu za Toyota, na vita ile mpaka leo inaitwa kwa jina la gari. Mwaka 2003 watangazaji wa Top Gear huko Uingereza waliizamisha Hilux baharini, wakaichoma moto, wakaipandisha juu ya ghorofa lililokuwa linabomolewa, na baada ya fundi kuikorokochoa bila spea mpya ikawaka. Wanunuzi wetu wanaikumbuka hadithi hii kuliko tarehe ya kumwaga oili. Wanachosahau ni kwamba Waingereza wale, pamoja na ukatili wao wote, hawakuipakia matenga ya nyanya ya Ilula.

Utaambiwa pia kwamba imetoka Japani moja kwa moja. Furahi, kwa maana unanunua muujiza. Toyota iliacha kuuza Hilux nchini Japani mwaka 2004 na kuirudisha Septemba 2017. Kwa hiyo ile ya mwaka 2008 unayoonyeshwa, ambayo eti ilikuwa ya mwalimu mstaafu wa Kijapani, yaelekea iliundwa Thailand au Afrika Kusini, na huenda ilizungushwa Uingereza, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi na chumvi hiyo hupanda kukaa juu ya chesisi. Usiinamie uvunguni. Utachafua shati.

Sasa kaa kwenye usukani. Dashibodi inasema kilomita 98,000. Raba ya pedali ya klachi imelika mpaka chuma kinang'aa, na usukani umekuwa laini kama mpini wa jembe la bibi, lakini dashibodi ndiyo yenye tarakimu, na tarakimu hazidanganyi. Uzuri wa kurudisha kilomita nyuma ni kwamba hata matengenezo yanarudi nyuma. Mkanda wa taimingi wa injini ya 1KD, ile dizeli ya lita 3.0 iliyojaa barabarani kwetu, hubadilishwa ikifika kilomita 150,000, na wapita vumbini wenye akili hubadilisha mapema zaidi. Yako ina 98,000. Bado sana! Tatizo dogo ni kwamba mkanda haujui kusoma dashibodi. Siku ukikatika, valvu na pistoni zitakutana, na zikishakutana hakuna tena bei ya mkanda. Kuna bei ya hedi.

Hapa nipunguze mwendo, maana ndipo nilipoacha hela zangu.

Dizeli za kisasa zina injekta zinazorusha mafuta kwa msukumo mkubwa ajabu, na chini ya kila injekta kuna pete ndogo ya shaba, nyembamba, ambayo mafundi huiita washa. Ukiiweka kwenye kiganja cha mtoto ataivaa kidoleni. Kazi yake ni kuuzuia moto wa silinda usipande juu. Ikichoka, hewa chafu ya mlipuko inapenya pembeni mwa injekta. Kwenye 1KD injekta zimekaa ndani ya kava la valvu, kwa hiyo hewa ile haitoki nje ukaisikia vizuri. Inaingia kwenye oili na kuipika. Oili iliyopikwa inakuwa lami. Lami inateremka kwenye sampu na kuziba chujio la chuma ambalo pampu hunyonyea. Juu kila kitu kinaonekana sawa, stiki ya oili inaonyesha imejaa, na kweli imejaa. Haipandi tu. Injini inakufa kwa kiu imesimama ndani ya kisima.

Dalili zipo, na mwongozo huu unakushauri uzipuuze zote kwa utaratibu ufuatao. Asubuhi injini ikiwa baridi utasikia mlio wa kuchuja, kama mtu anayepumua kwa mdomo usingizini. Ongeza sauti ya redio. Injini ikipata moto, mlio unanyamaza. Hiyo ni dalili kwamba gari limejitibu. Ukifungua mfuniko wa oili ukakuta vipande vyeusi kama ukoko wa sufuria, futa kwa kitambaa na ufunge. Taa nyekundu ya oili ikiwaka ukiwa umesimama kwenye foleni, kisha ikazimika ukikanyaga mafuta, basi endelea kukanyaga mafuta.

Mimi nilifuata hatua hizi kwa miezi mitano. Fundi mmoja aliniambia nimletee gari siku moja, abadilishe washa zote nne na kushusha sampu asafishe chujio, kazi na vifaa laki mbili. Nikaona ananitafutia sababu ya kula. Injini ilinoki usiku, nikiwa na mkwe wangu ndani, mlio kama mtu anayegonga geti kwa nyundo. Injini ya mtumba, milioni saba na nusu, bila oili, bila ufundi, bila nauli ya kulivuta gari. Mkwe alinyamaza njia nzima. Angesema kitu ingekuwa afadhali.

Lakini usidhani kila pikapu huuawa na kitu kidogo. Nyingine huuawa na mlima wa Kitonga. Gari limeundwa libebe tani moja, yaani mifuko 20 ya saruji, na wewe umepakia 40 kwa kuwa nafasi ilikuwepo. Umeipita Ruaha Mbuyuni, umenunua vitunguu, unaanza mlima, na mshale wa joto nao unaanza mlima. Simama, mwaga maji ya kunywa juu ya rejeta, subiri, endelea. Ukifika mjini, nenda gereji bubu iliyo karibu. Kijana atakuja na spana namba 12, atafungua kizibo, na kukutolea kitu kidogo cha duara chenye springi. "Hii themostati ni ya nchi za baridi, bosi. Huku kwetu haifai." Ataitupa kwenye boksi lenye nyingine 30.

Maelezo haya yana utamu wake, na yamewashawishi hata wenye digrii. Ila kwenye injini nyingi za namna hii themostati ina kazi mbili: inapofungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta, upande wake wa pili unaziba kinjia cha pembeni kinachorudisha maji ya moto kwenye injini kabla hayajapoa. Ukiitoa, kinjia kile kinabaki wazi usiku na mchana. Siku ya tambarare hutaona kitu. Siku ya Kitonga ya pili utaona. Ukichanganya na maji ya bomba badala ya kulanti, kutu inajenga nyumba ndani ya rejeta, hedi ya alumini inapinda, gasketi inaungua, na kijana yule yule atakupigia simu saa nne asubuhi kukwambia neno ghali kuliko yote katika ufundi: "Bosi, tumeshafungua."

Likishafunguliwa, gari haliwezi tena kwenda kwa fundi mwingine. Haliwezi kwenda popote. Hapo ndipo bei ya kweli inapoanza kutajwa, kwa vipande. Hela ya ufundi yenyewe ni ndogo, na kwa hilo usiwalaumu mafundi. Wanajua watu hawalipii akili, wanalipia vyuma. Basi akili yao inaingizwa kwenye vyuma. Gasketi, hedi kwenda mashine kuchongwa, boliti za hedi "maana hizi zimevutika", bodaboda ya Gerezani kwenda na kurudi, bodaboda tena kwa kuwa ya kwanza ililetwa isiyo yenyewe. Dukani utaulizwa unataka jenuini, ya Taiwani au "ya kawaida". Zote zimo kwenye boksi la rangi moja. Tofauti ni bei, na uso wa muuzaji anapoitaja.

Breki, klachi na boljointi sitazisemea sana. Zinaisha, zinabadilishwa, zinaisha. Kaa nazo kama unavyokaa na ada za shule.

Springi ni habari nyingine. Pikapu ikianza kuinama nyuma, kuna wanaopunguza mzigo. Hao hawajui biashara. Wewe ongeza majani matatu kwenye springi kila upande. Gari litanyanyuka kama jogoo, na utaweza kupakia lumbesa juu ya lumbesa. Uzito hautapotea, utahama: uliokuwa unainamisha springi sasa unaikunja chesisi, nyuma tu ya kabini, mahali ambapo siku moja mlango wa nyuma utaanza kukataa kufunga. Mchomeleaji ataweka bamba la chuma, rangi nyeusi juu yake, na kukupa pole bila kukutoza.

Ukifika hapo umehitimu. Andika LINAUZWA kwenye kioo cha nyuma, na namba ya simu. Futa ukoko kwenye mfuniko wa oili. Paka matairi dawa. Mteja akipiga simu kwamba anakuja kabla hajaenda kazini, na kwamba anakuja na shemeji yake, amka saa kumi na moja alfajiri uliwashe. Atafika saa kumi na mbili, ataweka kiganja juu ya boneti, atageuka kukutazama. Kutakuwa na manyunyu.

"Jua la Dar, kaka."