Namna ya Kupata Jukwaa la Stesheni Lililo Tayari Ukiwa Ifakara

Umeamua kujenga reli ya mfano juu ya meza, na stesheni yako itakuwa Ifakara. Hongera. Majirani watasema umerogwa, lakini hilo halina haraka. La haraka ni jukwaa la abiria, tena liwe tayari, maana wewe si mtu wa kukata na kugundisha.

Wenye hela huagiza ng'ambo. Majukwaa ya plastiki yapo tele huko, na vyungu vya maua juu yake. Mengi ya Ulaya yamepimwa kwa 1:87, na reli yake ina upana wa milimita 16.5. Zidisha mara 87 upate 1,435, upana wa SGR. TAZARA inayopita Ifakara ina 1,067. Yaani utalipa ushuru, utasubiri kifurushi mpaka usahau ulichoagiza, utapanda basi kukifuata, halafu ukikifungua utakuta umenunua stesheni ya SGR, ile ya Morogoro.

Usimlaumu Mchina. Reli halisi ya TAZARA aliijenga yeye kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, Zambia. Leo viwanda vya kwao ndivyo vinavyotengeneza treni nyingi za mezani, zikiwemo za Hornby ya Uingereza. Kilichomshinda ni kuitisha kikao kimoja cha kuzikutanisha kazi hizo mbili.

Wajanja wana njia yao. New Zealand na Queensland, ambako reli zina upana uleule wa 1,067, wapo mashabiki wanaochukua ile reli ya milimita 16.5 na kujenga vingine vyote kwa 1:64. Zidisha: 1,056. Milimita 11 zilizopungua, samehe. Ukifuata njia hii, jukwaa la Ulaya lenye kimo cha sentimita 55 linageuka la sentimita 40 hivi. Mwenye kiwanda atalia. Lakini mama aliyezoea kupanda ngazi za behewa pale stesheni ya Mbingu, mtoto mgongoni na kuku mkononi, hataona kilichoharibika.

Kidatu usijaribu kuijenga. Pale reli ya upana wa mita moja kutoka Kilosa inakutana na TAZARA, na mzigo hauna budi kuhamishwa behewa kwa behewa. Tofauti ya milimita 67 kati ya reli hizo, mezani kwako inakuwa milimita moja. Utagombana na watu wa nyumbani kwa ajili ya milimita moja.

Sasa tuje kwenye jukwaa lenyewe, ambalo liko uvunguni mwa kitanda chako: ndala. Tafuta iliyolika kisigino. Kwa 1:64, soli ya milimita 10 inakupa kimo cha sentimita 64, na pale ilipolika inateremka taratibu mpaka kwenye kokoto, vilevile miisho ya majukwaa inavyojengwa. Tundu la mbele ni la nguzo ya taa. Mawili ya nyuma ni ya kibao cha jina la stesheni. Uchakavu umo bure, wakati wenzetu wa Ulaya huununua katika vichupa vya rangi.

Shida ni urefu. Ndala ya sentimita 28 ni mita 18 tu kwa kipimo chetu, kwa hiyo jukwaa la mita 200 litameza ndala kumi na moja au kumi na mbili. Mbili za mwisho ndizo zinazotakiwa kulika. Usiende kuzitafuta mlangoni mwa msikiti siku ya Ijumaa: jukwaa utalipata, na kesi juu.

Ukiona ndala zinakushushia hadhi, nenda kwa seremala ukaombe mabaki ya mitiki, maana bonde la Kilombero lina mashamba makubwa ya miti hiyo. Atakuuliza, "Bosi, kibao hiki cha nini?" Sema cha kukatia nyanya. Ukisema cha treni, bei inapanda.

Ukimaliza, panga juu yake magunia ya mchele, mikungu ya ndizi, matenga ya samaki, madumu, magodoro, na wasindikizaji watatu kwa kila abiria. Rudi nyuma utazame: jukwaa halionekani hata kidogo. Kwa hiyo kabla hujatoa shilingi kwa jukwaa lolote, anza kushona magunia.